Mgeni Njoo, Maabara Ifunguke

“Mgeni rasmi, Mhandisi Akech Odera, uliyeziacha shughuli zako za Nakasero ukapanda kilima kuja kututazama sisi wanao, Mkuu wa Idara, Profesa Tarcisio, walimu wetu wapendwa, wazazi na majirani mlioketi juani kwa sababu hema limekuwa dogo, na wewe fundi wa jenereta, ambaye pasipo wewe hapa pangekuwa kimya: sisi wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Uhandisi wa Tiba tunawasalimu nyote kwa heshima, mmoja mmoja, wala hatuna haraka.”

Nakhisa akavuta pumzi, akatazama juu ya kichwa cha mgeni hadi kwenye dirisha la ghorofani. Dirisha lilikuwa tupu. Akarudi kwenye karatasi zake, akawasalimu na majirani wa upande wa pili wa ukuta, ambao hata hawakualikwa.

Huyu Nakhisa ni binti wa Bungoma, Kenya, aliyekuja Kampala kusoma, mwaka wa nne, na alichaguliwa kusoma risala kwa sababu mbili. Ya kwanza ilijulikana na wote. Mgeni alikuwa amepeleka habari kwamba amechoshwa na hotuba za Kiingereza, na akija anataka asomewe Kiswahili. Walimu wakaingiwa na homa, maana Kiswahili cha wengi wao kilikuwa cha sokoni, na cha Profesa Tarcisio kilikuwa cha vizuizi vya barabarani alikokisikia ujanani kwa askari: simama, shuka, leta kitambulisho. Kazi ikaangukia wanafunzi waliotoka Kenya na Kongo. Sababu ya pili ilijulikana na wanafunzi peke yao. Nakhisa akianza kusema hanyamazi. Kwao Bungoma ndiye aliyekuwa akitumwa barazani kuzungumza na wageni mpaka kuku achinjwe, anyonyolewe, aive.

Na siku hiyo kulikuwa na kitu cha kungojwa kiive. Ghorofani, nyuma ya hema, ipo maabara ya viungo bandia, na ndani yake mashine moja iliyoletwa kutoka ng’ambo kama zawadi. Kazi yake ni kuukanyagisha mguu bandia: kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama mtu anayetembea na hafiki, mpaka taa ya kijani iwake. Taa ikiwaka, mguu umefaulu na mtu anaweza kuuvaa. Mashine ikizimwa kabla, haikumbuki kitu, kesho yake inaanza mwanzo kabisa.

Profesa Tarcisio aliipenda mashine hiyo kama mtu anavyompenda kitinda mimba. Aliifunika nailoni, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, kwa kuwa vipuri havipatikani, na mwanafunzi, alisema, ni mwanafunzi tu. Siku ya mgeni ndipo mambo yalipobadilika. Nailoni ilivuliwa, jenereta likawashwa, mlango ukaachwa wazi ili mgeni akipenda kuchungulia aione idara ikichapa kazi. Mgeni akishaondoka, jenereta likazimwa na kufuli likarudi mahali pake. Basi wanafunzi wakazoea kufanya utafiti kwa wageni kama wengine wanavyolima kwa mvua.

Mwenzao Mumbere, mwana wa Butembo, Kongo, alikuwa ameshatia mguu bandia alioutengeneza katika mashine ile mara mbili. Mgeni wa kwanza alikunywa soda nusu akakumbuka safari. Wa pili alifukuzwa na mvua. Huyu wa leo alikuwa wa mwisho, kwa sababu muhula ulikuwa unaisha na Mumbere alikuwa anamaliza chuo. Ndiyo maana darasa zima likakubaliana: risala iwe ndefu. Mwanafunzi mwenzao Princesse angekaa ghorofani akiitazama taa, na ikiwaka angetundika kitenge cha kijani dirishani. Nakhisa asome mpaka akione.

Shida ni kwamba mgeni mwenyewe alisifika kwa kuondoka mapema. Alikuwa mwanamke wa Kisumu, mfupi, mwenye mvi chache na koti la kijivu, mkuu wa mfuko mmoja wa kusaidia utafiti. Ilisemwa kwamba aliwahi kutoka harusini kabla bibi harusi hajaingia, na kwamba koti lile halivui kwenye hafla yoyote, hata jua liwe la kukaanga yai, asije akapoteza muda kulitafuta. Sasa alikuwa ameketi nalo kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe, mkoba mapajani, funguo za gari mkononi.

HISTORIA YA IDARA

“Mgeni rasmi, uhandisi wa tiba haukuanza na sisi. Ulianza siku mtu wa kwanza alipovunjika mguu, na mtu wa pili akaenda kumkatia fimbo. Tunaamini fimbo ya kwanza ilikuwa ndefu mno, wakaipunguza. Ikawa fupi mno, wakakata nyingine. Huo ndio utafiti, na tangu siku hiyo haujasimama.”

Kutoka kwenye fimbo Nakhisa akaenda kwenye banzi, kutoka kwenye banzi akaenda kwenye miwani, na kwenye meno ya bandia akakaa kidogo. Walimu wakaanza kutazamana. Idara yenyewe ilipozaliwa hatimaye, katika chumba kilichokuwa stoo ya ngoma za kwaya, mgeni alikuwa ameshazungusha funguo kidoleni mara kadhaa.

Profesa Tarcisio alipiga makofi kila aliposikia neno “Profesa”, na mengine akayaacha yapite. Sasa akainama kutoka kitini kwake. “Nakhisa,” akanong’ona, “mgeni iko na haraka. Hii kitu yako naisha saa ngapi?”

“Bado sifa zako, Profesa.”

“Aa,” alisema Profesa, akarekebisha tai. “Basi soma.”

MAENEO YA UTAFITI WA WALIMU YALIYO WAZI KWA WANAFUNZI WA SHAHADA YA KWANZA

“Mgeni rasmi, ulipoingia getini uliona ubao mpya wenye kichwa hicho. Rangi yake haijakauka, tunaomba usiuegemee. Yote yaliyoandikwa pale ni kweli, na sisi tumeombwa tuyaeleze.

“Dokta Uthman anatafiti ishara za moyo. Mlango wake hauna kufuli, tunamshukuru hadharani. Ila mashine ya kupimia moyo inataka moyo, na moyo wa idara nzima ni mmoja, wa mwenzetu Obonyo, ambaye ana kifua kipana na haogopi gundi. Kila plasta ikibanduliwa huondoka na nywele zake, hata kifua hicho sasa kina viwanja. Moyo wa Obonyo tumeuchora, tumeuchapisha, tumeubandika ukutani. Mwaka jana ulianza kwenda mbio kwa vipindi visivyoeleweka. Dokta Uthman alidhani ni hitilafu ya umeme, akabadilisha nyaya zote. Baadaye tuligundua kwamba mbio hizo hutokea Princesse anapoingia kuazima bisibisi.”

Hema likacheka. Obonyo, aliyekuwa kwenye mstari wa tatu, akainamisha kichwa hadi magotini. Ghorofani kitu kikatikisika dirishani, na Nakhisa akashika meza kwa furaha. Kumbe ni Princesse mwenyewe, ametoa kichwa na mabega nje ili asikie vizuri. Kitenge hakikuwapo. Nakhisa akamkazia jicho, kichwa kikarudi ndani.

“Dokta Acayo anatafiti vitanda vya joto vya watoto njiti. Mtoto wa kufanyia majaribio hatuna, wala haifai tuwe naye, kwa hiyo tulitumia boga. Boga lilivishwa nepi na kofia, likapewa jina la Baraka, likalazwa kwenye joto la tumbo la mama. Tulilipima asubuhi na jioni. Lilikuwa na hali nzuri kuliko baadhi yetu. Tuliporudi kutoka likizo ya Pasaka hatukulikuta kitandani. Mgeni rasmi, hatumshitaki mtu. Tulikuta nepi imekunjwa vizuri na mbegu zimeanikwa dirishani.”

Hapo mgeni akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akaziweka funguo za gari mkobani ili apate mkono wa kujifutia jicho. Nakhisa aliliona hilo, na moyo ukamtulia kidogo. Akaongeza habari za matengenezo, jinsi wanavyokwenda hospitalini kufufua mashine zilizotupwa uani, na jinsi wagonjwa wengi wa uani huko walivyokuwa wanaumwa ugonjwa mmoja wa plagi. Hayo hayakuwa yameandikwa popote. Aliyatoa kichwani huku jasho likimteremka mgongoni.

MAFANIKIO

“Mgeni rasmi, tumebakiza eneo la mwisho la ubao ule, nalo ni viungo bandia na mwendo wa binadamu, chini ya Profesa Tarcisio.”

Profesa akapiga makofi.

“Profesa ndiye aliyetufundisha kwamba mguu hauhukumiwi kwa macho, unahukumiwa na ardhi. Alitutembeza peku kwenye mteremko wa Kibuli baada ya mvua, darasa zima, tumeshika viatu mkononi na watu wa boda boda wanatucheka, ili tujue nyayo zetu zinafanya nini tukiteleza. Hatujasahau somo hilo. Na mguu tutakaokusimulia umetoka katika somo hilo.”

Haya hayakuwa maneno ya kupoteza muda. Nakhisa alimpenda mzee huyu, na ilimuuma kwamba anamsomea vitu asivyovielewa.

Akasimulia habari za Mama Hortense, mama mdogo wa Mumbere, muuza vitenge wa Kasubi. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na hospitali ikampa mguu wa bandia wenye unyayo uliotoka ng’ambo. Unyayo ule ulikuwa umezoea viatu vya ngozi na sakafu ya vigae. Ulikutana na kandambili na mawe ya Kasubi, ukapasuka kisigino msimu wa kwanza. Tangu hapo Mama Hortense anatembea kwa magongo, na mikono yake yote miwili imeajiriwa na magongo hayo. Mzigo wa vitenge anabebewa. Mwavuli anashikiwa. Mwenyewe hasikitiki sana juu ya hayo. Linalomuuma ni kanisani.

Mama Hortense alikuwa ameketi nyuma kabisa ya hema, magongo kando, mfuko wa kitambaa mapajani. Aliposikia jina lake akainua mkono. “Ni mimi huyu,” akasema kwa sauti ya mtu wa kwaya, watu wakageuka. “Kwa kwaya wengine wanapiga makofi kwa Mungu, mimi niko napiga mbao ya kiti na gongo. Mchungaji anasema nitapasula kiti. Minataka nipige makofi na mikono yote mbili, basi. Sina lingine.”

“Mmesikia wenyewe,” alisema Nakhisa, kisha akakumbuka kwamba anasoma risala. “Mgeni rasmi, mwenzetu Mumbere akaufikiria unyayo huo. Akaenda kwa watengenezaji wa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti kinachopondwa mpaka kiwe laini, akaomba vipande. Mzee mmoja wa huko alimuuliza: lubugo ni vazi la wafalme na sanda ya marehemu, nyinyi mnataka kumvisha mtu mzima aliye hai? Mama Hortense, aliyekuwa amefuatana naye, akajibu kwamba mguu wake wa kwanza umeshazikwa, na huu wa pili acha ufufuke na sanda yake. Mzee akacheka, akatoa kipande kizuri kuliko vyote. Mumbere alipanga lubugo tabaka juu ya tabaka, akaloweka kwa gundi ngumu, akakandamiza, akapata unyayo unaopinda bila kuvunjika. Akatengeneza wawili walio sawasawa, mmoja wa kujaribiwa na mmoja wa kuvaliwa. Kwa kuwa tuko Buganda na hawa ni pacha, tukawaita Wasswa na Kato. Wasswa anateswa kwanza. Akifaulu, Kato anatembea.”

Mgeni akageuka kuutazama ule mfuko wa kitambaa. Mama Hortense akaufungua kidogo, kisigino cha Kato kikaonekana, cha rangi ya kahawia iliyoiva. Nakhisa akatazama dirisha. Hakuna kitu. Akatazama karatasi zake, na hapo ndipo alipopata baridi, maana zilikuwa zimebaki mbili tu, na kichwani hakukuwa na boga jingine.

CHANGAMOTO

Kilichoandikwa chini ya kichwa hicho ni maneno ya kawaida ya risala zote: uhaba wa vifaa, ufinyu wa bajeti, choo. Nakhisa aliyatazama maneno hayo akaona hayatafika mbali. Mgeni alikuwa ameshaangalia saa. Fundi wa jenereta alikuwa amesimama karibu na swichi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kazi yake: mgeni akiinuka, yeye anazima. Basi Nakhisa akaweka karatasi mezani, akasema alichokuwa nacho.

“Mgeni rasmi, tunakuomba radhi. Risala hii imerefushwa kwa makusudi. Kuna mashine ghorofani ambayo mlango wake hufunguliwa siku ya mgeni, na jenereta lake hunguruma mgeni akiwapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tumelifuata neno lao hivyo hivyo lilivyo. Wakati huu tunapozungumza, Wasswa yuko ndani ya mashine anakanyaga, na Mumbere amesimama mbele yake hajala tangu asubuhi. Ukiinuka kabla ya taa kuwaka, Wasswa amekanyaga bure. Mara mbili ameshakanyaga bure. Hatumlaumu aliyeshika ufunguo. Mtu aliyewahi kupewa kitu kimoja tu cha thamani lazima aogope. Lakini Mama Hortense haoni faida ya mashine mpya isiyotumika, na sisi pia hatuioni.”

Profesa Tarcisio alikuwa amekamata maneno mawili, mashine na ufunguo, na hayo yalitosha kumtia wasiwasi. Akamgeukia Dokta Uthman, ambaye ni mtu wa Kibuli na Kiswahili alikinyonya utotoni.

“Nasema nini huyu?”

Dokta Uthman akafikiri kidogo. “Anasema unaitunza sana ile mashine.”

“Kweli kabisa,” alisema Profesa, akapiga makofi.

MAOMBI

“Mgeni rasmi, kila risala huomba pesa. Sisi hatuombi pesa, ingawa ukitoa hatutakutukana. Ombi letu la kwanza ni kwamba ufunguo uwe na mahali pengine pa kukaa zaidi ya mfuko wa mtu mmoja, ili tunapoambiwa utafiti uko wazi tuingie siku za kawaida, siku ambazo hakuna soda. Ombi la pili ni kwamba uje mara kwa mara. Tunajua una mambo mengi. Kama huwezi kuja, basi utuachie kitu chako kitini, hata koti hilo, ihesabike kwamba mgeni rasmi bado yupo na jenereta lisizimwe. Tutalitunza. Asubuhi tutalisalimu.”

Watu wakacheka tena, ila Nakhisa hakucheka. Alikuwa anasoma polepole mno, anatafuna kila neno kama ugali wa jana, na dirisha halikubadilika. Akafika kwenye hitimisho. Akamwombea mgeni, akawaombea walimu, akaliombea jenereta. Akataja jina la idara. Karatasi zikaisha.

Makofi yakapigwa, marefu na ya kweli, lakini makofi nayo yana mwisho. Mgeni akainuka. Fundi akaweka mkono kwenye swichi. Profesa Tarcisio akasimama, na bila kufikiri, kwa mazoea tu, akatoa ufunguo mfukoni. Nakhisa alibaki ameshika meza. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyowahi kufeli mtihani, maana mtihani hurudiwa. Nyuma ya hema Mama Hortense alikuwa anafunga mfuko wake, taratibu, kama mtu aliyezoea.

“Asanteni,” alisema mgeni rasmi. “Nimesikia mengi na mazuri. Ila, Profesa, jenereta lenu lina kelele, na mimi umri umenipanda masikioni. Pale mwanzo, kwenye salamu, sikupata vizuri. Salamu ni kitu cha heshima, sipendi kuzikosa.” Akaketi tena, akaweka mkoba chini, sakafuni, mbali na mkono wake. “Naomba risala isomwe tena. Tangu mwanzo.”

Dokta Uthman akatafsiri kabla hajaulizwa, na safari hii alitafsiri yote, pamoja na yale ya nyuma aliyoyabana. Profesa alisikiliza amesimama, ufunguo mkononi. Uso wake ulipita rangi kadhaa. Akamtazama mgeni, akamtazama fundi aliyesubiri amri yake.

“Wewe,” alimwambia fundi, kwa kile Kiswahili chake cha vizuizi. “Toa mkono hapo. Kaa.”

Fundi akakaa. Profesa naye akakaa.

Nakhisa akaokota karatasi ya kwanza. Akawasalimu wote upya, mmoja mmoja, na majirani wa upande wa pili wa ukuta, ambao sasa walikuwa wamepanda mawe ili waone, wakaitikia. Fimbo ya kwanza ilikuwa ndefu mno tena, ikapunguzwa tena. Kwenye moyo wa Obonyo, Obonyo mwenyewe alisimama akainama kidogo, kwa kuwa aibu ya mara ya pili si aibu. Kwenye boga hema zima lilitaja jina la Baraka pamoja naye, na mwanamke mmoja kutoka jikoni akaondoka ghafla kwenda kuangalia chai.

Alikuwa amemfikia yule mzee wa lubugo alipoona watu wakigeuka kutazama juu, nyuma yao. Kitenge kilikuwa dirishani. Cha kijani, chenye ndege, kimetundikwa vibaya, upande mmoja unaning’inia. Princesse alikuwa anakishika kwa mikono yote huku analia waziwazi.

Profesa Tarcisio alikodoa macho. “Ni kijani?” akamuuliza Dokta Uthman.

“Ni kijani, Profesa.”

“Na mashine haikuharibika?”

“Bado inanguruma. Isikilize.”

Profesa akasikiliza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena.

Mumbere alitokea kwenye ngazi na spana mkononi, anakimbia, kisha akakumbuka kuna mgeni rasmi, akatembea, kisha akashindwa akakimbia tena. Alipiga magoti nyuma ya hema mbele ya Mama Hortense. Nakhisa alishusha karatasi. Kazi ilikuwa imekwisha, na koo lilikuwa limemkauka.

“Usikate, binti yangu,” alisema mgeni. “Hatujafika kwenye maombi.”

Basi akasoma maombi. Akasoma la ufunguo. Akasoma la koti, na alipolifikia alisita, kwa haya, maana mara ya kwanza lilikuwa mzaha wa mtu aliyekata tamaa. Mgeni rasmi akasimama. Akafungua kifungo cha juu, cha kati, cha chini, akalivua koti la kijivu mbele ya watu, na watu wake wawili aliokuja nao wakatazamana kama wameona jua limechomoza magharibi. Akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akaliweka mabega sawa, kisha yeye mwenyewe akasogea kando akaketi kwenye benchi la wanafunzi.

“Mimi nitaondoka,” akasema. “Mgeni rasmi yupo pale.”

Profesa Tarcisio alilitazama lile koti kwa muda. Akainuka, akalisogelea kwa adabu, ufunguo mkononi. Akautia ule ufunguo ndani ya mfuko wa koti, akaupigapiga kwa nje kuhakikisha umekaa.

“Mgeni,” akaliambia, “wewe nakaa hapa sana. Karibu.”

Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa kuwa mzee alikuwa amemaanisha. Nakhisa akaishika karatasi ya mwisho. Kutoka nyuma ya hema watu walikuwa wanapisha njia. Mama Hortense alikuja katikati yao, Kato amefungwa, kandambili mguuni, hatua ya kwanza ya kuogopa, ya pili ya kuogopa kidogo, na magongo yamebaki kwenye kiti bila mtu wa kuyaangalia. Mumbere alimfuata nyuma na mikono imenyooshwa, tayari kumdaka, na mama akamwambia aishushe, si yeye anayefundishwa kutembea. Alipofika mbele akasimama imara kwenye nyasi, akainua mikono yote miwili, akaiacha wazi kifuani, akamtazama Nakhisa amalize.

“Mgeni rasmi, na wewe uliyeketi kwenye benchi letu, na wewe uliyeketi kitini: Mwenyezi Mungu awajalie miguu isiyochoka na njia isiyo na mawe mengi. Awape walimu wetu ujasiri wa kuvichosha vitu vipya. Awarehemu wote waliokanyaga bure, na siku zao za kukanyaga bure ziishe kama zilivyokwisha leo. Jenereta lidumu, chai ije, na mlango tulioukuta wazi asubuhi tuukute wazi kesho.

“Ni sisi wenu katika kujifunza,

“Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza,
Idara ya Uhandisi wa Tiba,
Kampala.”